Hidrojeni wa Mkunya

Mwalimu Sijaona wa Mkunya hakuwa na maabara, kwa hiyo jedwali la elementi alilifundisha kwa watoto wenyewe. Aliwapanga uwanjani, kila mmoja ameshika korosho kwa idadi ya protoni zake, kuanzia moja kwenda juu. Tabia zilipoanza kujirudia, alianzisha mstari mpya nyuma ya ule wa kwanza. Waliosimama mmoja nyuma ya mwenzake walikuwa ukoo: sodiamu na potasiamu tabia moja, kwa kuwa kila mmoja ana elektroni moja ya nje na anatafuta wa kumpa. Aliyekosea mahali pake alichapwa fimbo.

Hakuolewa, hakuzaa. Mtani wake Swalehe, Myao wa Masasi, alimwita Hidrojeni.

"Wamekuweka juu ya ukoo wa sodiamu kwa ajili ya hiyo elektroni moja," alimwambia sokoni, watu wakisikia. "Wenzako metali, wewe hewa tupu!"

"Wewe hata namba huna, mlafi," Sijaona alijibu, akacheka mpaka akashika nguzo.

Alipougua alimwomba jambo moja: amtanie kaburini, kama wazee wetu walivyotaniwa.

"Wakinifukia kimya, Swalehe, wamefukia mbwa."

Siku ya mazishi Swalehe akashuka kaburini, akalala chali. Zamani watani walifanya hivyo, na hakuna aliyezikwa kabla hawajaridhika.

"Haingii mtu! Nionyesheni kwanza ukoo wake! Mchoyo huyu, kila jioni alikuwa anazikaanga protoni, anakula peke yake!"

Vikongwe wawili tulicheka. Mpwa wa marehemu, Mujibu, aliyekuja na gari kutoka Dar, hakucheka.

"Mzee, toka. Unamtukana mama mkubwa."

"Mwanangu, mimi mtani wake. Kaniomba mwenyewe."

"Utani gani na maiti? Vijana, mtoeni."

Wakamvuta miguu. Uso wake ukakwaruza ukuta wa kaburi, mchanga mwekundu ukamjaa mdomoni. Waliomvuta walifundishwa na Sijaona. Mmoja wao aliwahi kuwa potasiamu. Wengine walirekodi kwa simu.

Dua ikasomwa haraka, udongo ukarudishwa. Hakuna aliyetamka neno juu ya marehemu, baya wala zuri. Kisha watu wakanawa, wakaenda kula wali. Swalehe alipojikongoja kuelekea jamvini, Mujibu akawaambia wapakuaji wasimpe sahani.