Meza ya Watu Sita

Karakana ile ya viatu ilikuwa na wanawake sita, na wote sita walikaa kwenye meza moja ya duara, magoti yakigusana. Hakuna aliyetengeneza kiatu kizima. Wa kwanza alisugua ngozi, wa pili akaipaka gundi, wa tatu akaipaka soli gundi, wa nne akaviunganisha, wa tano akagonga nyundo, wa sita akafuta mabaki kwa kitambaa kilicholowa dawa ya kuyeyushia gundi. Kabla hajamaliza, kiatu kingine kilikuwa mkononi. Ungeingia ghafla ukauliza kazi iko kwa nani, usingejibiwa. Ilikuwa kwa wote.

Mmoja wao walimwita Pua. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Kila Jumatatu bosi alipanga makopo kumi ya gundi sakafuni, akayafungua, naye Pua akapita ameinama akinusa moja moja. Kopo lenye harufu tamu kuliko mengine ndilo alilolinyooshea kidole. Gundi tamu ilishika kama kupe. Gundi isiyo tamu iliachia soli njiani, mteja akarudi na matusi. Kwa miaka kumi na minne pua ile ndiyo iliyolinda riziki ya nyumba sita, na mwenyewe alijivuna nayo kidogo. Madirisha yalifungwa mchana kutwa, maana gundi ikipigwa na upepo hukauka kabla ya kuunganishwa.

Bosi alikuwa na msemo wake mmoja: "Kiti hakilali wazi." Mwanamke akiondoka jioni, asubuhi kiti chake kilikuwa na mwingine, na meza ikazunguka kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Mwaka huo aliyekaa kwenye kiti cha gundi alikuwa Mama Mapacha. Alianza kutoka madoa meusi mikononi, kama mtu aliyefinywa.

"Shoga, mumeo naye ana mkono mzito," alisema Kinanda, yule wa nyundo, ambaye mdomo wake haukujua kufungwa.

"Hajanigusa. Nimejigonga, sijui wapi."

"Utasema ni mlango! Kila siku unakugonga wewe tu?"

Walicheka wote, Pua akiwemo. Baadaye fizi za Mama Mapacha zikaanza kutoka damu, midomo ikawa myeupe kama chaki, na siku moja akashindwa kupanda ngazi mbili za mlangoni. Hospitali walisema damu yake imeacha kujitengeneza. Walimzika siku ya Alhamisi. Mumewe, ambaye mikono yake ilikuwa midogo kama ya mtoto, alisimama kando ya kaburi akiwaangalia wale wanawake watano mmoja mmoja.

Jumamosi jioni bosi alimwita Pua pembeni.

"Binti yako amemaliza shule, amekaa tu nyumbani. Jumatatu aje. Kile kiti cha gundi."

Pua alisema asante. Neno lilimtoka kabla hajaliangalia.

Binti huyo alikuwa kifungua mimba na kitinda mimba kwa mpigo mmoja, hana ndugu mwingine. Alipoambiwa alirukaruka. Alichoka kusubiri matokeo ya mtihani, na alichoka kuomba hata pesa ya sabuni.

Jumapili asubuhi Pua aliamka, harufu ikiwa chumbani.

Ilikuwa ileile tamu ya kopo, nyepesi, kama mtu aliyepita mlangoni muda si mrefu. Akanusa gauni la kazi. Lilikuwa limefuliwa, linanukia sabuni. Akanusa viatu, mkoba, mto, pazia. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akafungua sanduku na kutoa nguo zote. Hamna kitu. Lakini kila alipokwenda, harufu ilikuwa imemtangulia hatua moja. Alisimama katikati ya chumba, nguo zimemzunguka, akaziba mdomo kwa kiganja ili asikilize vizuri, kama vile harufu husikika kwa sikio. Ikakata. Akatoa kiganja. Ikarudi.

Alikwenda polepole hadi kwenye kioo kidogo cha ukutani. Akapuliza. Kioo kikafanya ukungu, naye akausogezea pua ule ukungu.

Ilikuwa humo.

"Mama? Unafanya nini?" Binti alikuwa mlangoni.

"Lete lile kopo la vibanio vya nguo."

Lilikuwa kopo tupu la gundi, la zamani. Maandishi yalikuwa yamechubuka, lakini binti aliligeuza kwenye mwanga akasoma herufi ndogo za chini.

"Benzini. Hii tumeisoma." Akachukua daftari lake la kemia, akachora umbo la pembe sita. "Hizi ni kaboni sita, zimeshikana kwa pete. Kila moja ina mtoto wake, haidrojeni. Zimebaki elektroni sita za kuziunganisha zaidi. Huwezi kusema hizi ni za huyu na hizi za yule. Zimeenea pete nzima, za wote sita. Ndiyo maana imetulia sana." Akachora duara katikati.

Pua alilitazama lile duara. Magoti yake yakaanza kuwasha, kama yamegusana na ya mtu.

"Na ukitaka kuivunja?"

"Ni kazi. Vitu vingine ukivichanganya na kemikali vinafunguka upesi. Hii inakataa. Inachokubali ni kubadilishana: mtoto mmoja anatoka, mgeni anakaa palepale pake, pete inabaki vilevile."

"Anakaa palepale," Pua alirudia.

"Eeh. Sasa ikiingia mwilini, nyingine inatoka na pumzi jinsi ilivyoingia. Inayobaki, ini linajaribu kuivunja, na vile vipande ndivyo vikali. Vinashuka kwenye uboho, ndani ya mifupa, damu inakotengenezwa..." Sauti yake ikapungua. "Mama, lakini wewe umekaa miaka kumi na minne, na hujambo."

"Nani alikuwa anachagua kopo tamu kuliko yote?" Pua aliuliza.

Kukataa waziwazi aliogopa. Kwa hiyo Jumatatu, alipofika na binti, alifanya jambo aliloliona la akili: aliwahi kukaa yeye kwenye kiti cha Mama Mapacha. Ubao bado ulikuwa na doa la gundi lenye umbo la kiwiko cha marehemu.

"Bosi, kiti hiki kimeshapata mtu," alisema. "Binti arudi nyumbani."

Bosi hata hakushangaa. "Basi akae pale pako."

Binti akazunguka kwenda upande wa pili, akaanza kufunga aproni. Pua aliona pengo lilivyohama kutoka hapa hadi pale bila mtu kuliita. Angehamia kiti chochote kati ya vile sita, lingemzunguka na kumrudia mwanawe. Wale wanne wengine walikuwa wameshainua mikono, tayari kupokea kiatu, na macho yao yalikuwa hayamwangalii mtu.

"Chagua kopo, kazi ianze," bosi alisema.

Aliinama juu ya makopo kumi. Yote yalikuwa matamu. Akainuka.

"Hakuna."

"Pua imeota kutu leo?" Kinanda alicheka, lakini hakuna aliyemfuata.

"Leo ndiyo imepona." Akaenda dirishani, akalisukuma, na ingawa rangi ilikuwa imeligandisha, likafunguka kwa kishindo. "Hii gundi ndiyo iliyomla mwenzetu. Nilimchagulia mimi kwa kidole hiki." Akamshika binti mkono, aproni ikiwa imening'inia shingoni, akamvuta kuelekea mlangoni.

"Pua ziko nyingi mtaani," bosi alisema, akifunga dirisha.

Alisema kweli. Jumatano Pua alipita ng'ambo ya barabara na kapu la nguo za watu alizoanza kufua. Kupitia kioo cha dirisha alihesabu vichwa: sita. Kwenye kiti chake alikaa mwanamke asiyemjua, ameinamia kopo, macho amefumba, anatabasamu.

Tangu hapo kila Jumapili alipuliza kwenye kioo, na binti ndiye aliyenusa.

"Hakuna kitu, mama."

"Nusa tena."

Wiki ya saba mlango uligongwa mchana. Alikuwa Kinanda. Alisimama kizingitini; habari za Pua na kioo chake zilikuwa zimefika hadi karakanani. Mkononi alishika kioo cha mkoba kilichofungwa kwenye leso, na juu ya kifundo cha mkono huo kulikuwa na doa jeusi, kubwa kama kifuniko cha kopo.

"Nimejigonga," alisema. "Sijui wapi."

Pua hakucheka. Alivuta kigoda, akakiweka nje, mahali penye upepo.

"Kesho tunakwenda kupima damu, mimi na wewe."

"Kesho ni kazi. Na kiti changu?"

Pua alikifungua kile kioo, akakifuta kwa upindo wa gauni, akakisogeza karibu na mdomo wa mwenzake.

"Acha kilale wazi," alisema. "Puliza."