Bibi Aliyeondoka na Kikapu Kitupu

Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu wiki ijayo unaanza kazi ya dukani.

Miaka ya Ujamaa nilikuwa msichana wa duka la ushirika hapa Sumbawanga. Meneja wetu, bwana mpole aliyetoka Mbeya, aliniweka mlangoni nikaribishe wateja. Alinifundisha kusema kwa mkupuo mmoja: shikamoo, karibu, nikusaidie nini. Watumishi wa maofisini waliipenda sana salamu hiyo. Waliitikia huku wakitembea, wakitaja sukari na sabuni kabla hata ya kufika kaunta. Wavuvi wa Wampembe, kule Ziwa Tanganyika, walisimama kwanza wanitanie, mmoja akiuliza mahari yangu ni vikapu vingapi vya samaki wa migebuka. Nilicheka nao. Nikajiona nimeshajua kuishi na watu wa kila namna.

Niliowaonea aibu ni Wafipa wenzangu. Sisi, kama unavyojua, mtu huchutama, akapiga makofi taratibu, akaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za ulezi shambani, ndipo shida yake itoke. Nikaona hayo ni mambo ya kijijini, na wale wa maofisini watanicheka.

Basi asubuhi moja akaja bibi mmoja, miguu imejaa vumbi, na kikapu kitupu. Akakiweka chini, akachutama, akaanza kupiga makofi. Nikamkatiza nikiwa nimesimama vilevile: "Shikamoo bibi, karibu, nikusaidie nini?"

Mikono yake ikasita. Akaniangalia, akasema hana shida yoyote, akachukua kikapu chake akaondoka.

Meneja hakuelewa kilichotokea. Mimi nilielewa vizuri sana, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Niliomba ruhusa nikamkimbilia. Nilimkuta ameketi kando ya barabara, ameinamisha kichwa. Nikachutama mbele yake palepale vumbini, nikapiga makofi, nikamuuliza kwa Kifipa wameamkaje nyumbani.

Machozi yakamtoka.

"Mzee wangu ametutoka jana," akasema. "Nilikuja kutafuta sanda."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia pale dukani.

"Neno kama hilo ningelisemaje kwa mtu aliyesimama? Umeniuliza ninachotaka, mjukuu wangu. Hukuniuliza nilikotoka."

Nililia kuliko yeye. Tulirudi pamoja, nimembebea kikapu. Meneja alipoambiwa, aliikata bafta ya sanda kwa mkono wake mwenyewe, akaikunja vizuri, kisha akachutama kumkabidhi. Alichutama vibaya, maskini, na suruali yake ile ya kubana, lakini alipiga makofi. Bibi naye akampigia.

Mwanangu, mlangoni pa duka wanapita watu wa kila aina. Mwenye haraka usimcheleweshe, na mwenye utani mtanie. Lakini ukiona mtu anachutama, chutama naye, hata foleni ikinung'unika. Usiwaonee aibu watu wa kwenu, maana huenda siku hiyo wewe ndiye wa kwanza kuambiwa msiba wao.

Mungu akubariki katika kazi hiyo, aipe mikono yako subira. Na siku utakapoingia mlangoni pa watu moyo wako ukiwa mzito, akujalie kumkuta mtu atakayekuuliza kwanza habari za nyumbani.