Muthokoi wa Mama Mumo

Kavinya, ambaye ploti nzima pale Tassia, Nairobi, humwita Mama Mumo, alilelewa kwa muthokoi, na hakuna kitu kilichomtia maringo kama chakula hicho. Aliyatwanga mahindi mwenyewe hadi ganda likatoka, akayachanganya na maharagwe, akayachemsha tangu alfajiri. Siku ya vyakula vya asili shuleni kwa Mumo, aliingia na sufuria yake kama bibi harusi.

Kando yake aliketi Phelister, mamake Jacklyne, jirani wa mlango wa pili, na ugali mweusi wa mtama.

"Mama Jacklyne," Kavinya akasema kwa sauti, wazazi wasikie, "hicho chakula cha kuku umemletea nani? Wenzako tumeleta cha mababu."

Watu wakaangua kicheko. Phelister akafunika sahani yake kwa leso.

Mwalimu Opicho alipofika mezani, aliwauliza watoto mahindi yalitoka wapi.

"Machakos!" Mumo akajibu mbio.

"Mbali zaidi. Amerika. Wenyeji wa huko waliyalima maelfu ya miaka. Wazungu wakaja kwa meli, wakachukua mbegu, wakachukua na ardhi. Wenyeji wengi wakafa kwa upanga na kwa magonjwa mageni, vijiji vikabaki mahame. Wareno ndio waliotuletea mahindi. Haya maharagwe pia ni ya huko. Cha asili hapa ni mtama wa Mama Jacklyne."

Mumo akamgeukia mamake. "Mum, hao watu tuliwaambia asante?"

Kavinya akajifanya anatafuta mwiko.

Jioni, nusu sufuria ilikuwa imebaki. Kila alipoitazama alimwona mama fulani wa huko Amerika, na kinu kama chake, akiwatwangia watoto ambao hawapo tena. Na yeye akasimama mbele ya watu akasema ni chake. Akaenda kubisha kwa Phelister.

"Nani?"

"Mimi, Mama Mumo."

"Wewe, ama ni kuku?"

Uso ukamchoma. "Ni mimi. Nilikuaibisha bure, dada, na mimi ndiye sikujua kitu. Kama ule ugali umebaki, nipe nile."

Phelister akafungua mlango nusu. "Umebaki wote. Baada ya maneno yako, nani angeugusa?"

Akamletea sahani ileile. Kavinya akala palepale mlangoni, ugali umepoa na kukauka, huku Jacklyne akimtazama kutoka nyuma ya mamake bila kumsalimia.