Mahali pa Kutua Joto

Mama mkubwa hakumgusa mwanawe muda wote aliougua. Aliketi mlangoni, mikono ameifumbata chini ya khanga, akituelekeza mama yangu na mimi namna ya kumgeuza, kumkanda na kumnywesha uji. Siku binti yake alipokata roho, ni sisi tuliomfumba macho. Na huyu ndiye mwanamke ambaye watu wa milimani walikuwa wakitembea kutwa nzima kumfuata kwa sababu ya mikono yake.

Kazi yake iliitwa kupoza. Nimeiona mara nyingi mno kabla hatujahamishwa, na nitaieleza kama nilivyoiona. Mgonjwa alilazwa kwenye mkeka. Mama mkubwa alinawa maji ya chemchemi, akajipaka unga wa mtama viganjani, kisha akaviweka mahali palipouma. Hakukandamiza wala kusugua. Alikaa kimya kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje, mpaka aseme mikono imejaa. Hapo alifumba viganja, akainuka, akatoka nje akiwa ameinama na kushika njia ya kwenda makaburini kwa wazee wetu, nyuma ya migomba. Njiani hakusemeshwa. Ilikuwa nafasi pekee ya mtoto kumpita mtu mzima bila kumpa shikamoo na asichapwe. Akifika alipiga magoti, akawataja wazee kwa majina, akafungua viganja juu ya udongo. Kisha alitema mate, akarudi akicheka na watu kama kawaida.

Kwa maelezo yake, ugonjwa ni joto lililopotea njia. Yeye halimalizi, analihamisha tu. Wazee waliolala chini ni baridi, wanaweza kulipokea la mtu wao na la mgeni pia, mradi aliyelibeba ni mtoto wao. Joto lisipotuliwa kwao hurudi kwa mgonjwa kwa nguvu zaidi. Na mikono iliyozoea kazi hiyo haingoji kuamrishwa: ikimgusa mwenye homa, inavuta.

Sijui kama hayo ni kweli. Najua kwamba yeye aliyaamini kama alivyoamini kwamba maji yanalowesha.

Tulipoteremshwa kutoka milima iliyo juu ya Kidodi kuja kijiji cha ujamaa barabarani, tulipewa viwanja vilivyonyooka mstari, kila nyumba ikitazamana na mwenzake. Kulikuwa na bomba, na shule, na jioni mimi nilifundisha kisomo cha watu wazima chini ya paa la makuti. Malori ya miwa yalipita mchana kutwa na kutuachia vumbi kwenye chakula. Kule juu pakaitwa mahame, na kwenda mahame bila ruhusa lilikuwa kosa, kwa kuwa baadhi ya watu walikwenda kuchungulia mashamba yao wasirudi.

Mama mkubwa aliacha kupoza siku ile ile tuliyofika. Waliomfuata aliwaambia hapa hana wazee. Wengi walidhani anaringa. Jirani mmoja wa mstari wa pili, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, alisema pale bombani kwamba mikono ya mama mkubwa siku hizi ni kama ya bwana shamba, ya kuonyesha tu. Wanawake walicheka. Mama mkubwa aliyasikia, akajitwika ndoo yake akaenda.

Kisha binti yake akaugua. Nilimwita dada, tulilingana umri. Ilianza homa, tumbo likafuata kuvimba upande wa kushoto. Tulimpeleka Mikumi kwa lori la miwa. Tabibu wa zahanati alimchoma sindano, akatupa vidonge, akasema hali isipobadilika tumpeleke Kilosa. Haikubadilika. Mvua zikaanza, barabara ikakatika, na lori la kutufikisha Kilosa halikupatikana.

Ndipo watu walipoanza kumwomba mama mkubwa. Mama yangu alimwomba akilia. Yeye alijibu kwa sauti ya chini, kama anayeuliza kweli:

"Nikilitoa, nitalitua wapi?"

Baba mkubwa, mumewe, alikwenda kwa mwenyekiti kuomba mgonjwa abebwe kwa machela hadi mlimani. Mwenyekiti naye alikuwa mtu wa kule kule, na nyanya yake aliwahi kupozwa na mama mkubwa. Hakuwa mkali. Alisema akimruhusu mmoja, kesho yake kijiji kizima kitakuwa na mgonjwa wa kubeba. Akaongeza kwamba mgonjwa anapelekwa hospitali, hapelekwi mahame. Baba mkubwa alirudi, akachukua kopo tupu la maziwa, na alfajiri hakuonekana.

Alirudi amelowa chapachapa, kopo likiwa limejaa udongo. Mama mkubwa alikuwa ndani tayari, amenawa, unga uko kwenye kibakuli. Mara ya kwanza tangu tuhame nilimwona usoni ana haraka. Aliinama juu ya kopo asilishike.

"Umeuchota wapi?"

"Kwa wazee."

"Wazee wa nani?"

Baba mkubwa alimtazama. "Wazee wangu. Kwani mtoto si wangu?"

"Mtoto ni wako," alisema mama mkubwa. "Udongo si wangu."

Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake. Baba mkubwa alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini alipopanda kule, migomba imeliwa na nyani na njia zimefunikwa na nyasi, miguu ilimpeleka kwa waliomzaa yeye. Hakuna aliyemlaumu. Alikunywa maji, akaumwaga ule udongo nje taratibu, akashika njia tena na kopo lake.

Dada alikufa baba yake akiwa bado mlimani. Alipofika na udongo wa makaburi yetu, tulikuwa tumeshamzika, ng'ambo ya mfereji, mahali tulipoonyeshwa. Alikuwa wa kwanza wa ukoo wetu kulala bondeni. Baba mkubwa alisimama na kopo mkononi hajui aliweke wapi, mpaka mama yangu akampokea.

Jioni ya mazishi mama mkubwa alizungumza mara moja tu. Alisema, "Sasa tuna mtu hapa." Wageni walidhani ni maneno ya uchungu. Mimi na mama tulitazamana.

Tanga lilikuwa halijaanuliwa alipokuja yule jirani wa mstari wa pili. Mtoto wake alikuwa mgongoni, anawaka homa, kichwa kimelegea. Hakutoa pole wala hakuomba. Alimlaza mtoto mkekani, akakaa chini mwenyewe, akaangalia ukuta. Mama mkubwa aliniagiza maji.

Niliporudi kutoka bombani, mama mkubwa alikuwa keshatoka. Nilimwona mbali, ng'ambo ya mfereji, amesimama kando ya kaburi lililokuwa bado na udongo mbichi, mgongo wake umenielekea. Alisimama muda mrefu. Yule mama akatoka na mtoto wake akaondoka bila kuaga.

Mtoto alipona. Alikuwa pia amepewa vidonge vya zahanati. Kama mama mkubwa alifungua viganja pale, juu ya mwanawe, sikuona. Sikumwuliza, naye amekufa bila kusema.