Msusi wa mkono mmoja anayegombewa na wake wa askari Makenke

Saa mbili asubuhi, Ijumaa. Kwenye veranda ya nyumba za askari katika kambi ya Makenke, mjini Mbarara, Georgette Kalume ameketi juu ya kigoda. Mbele yake, kwenye mkeka, ameketi Mackline, mke wa koplo.

Georgette anagawa nywele kwa ncha ya kitana, anakibana kitana kwa meno, kisha anakandamiza fungu la nywele za bandia kichwani kwa kigutu cha mkono wake wa kushoto. Mkono huo unaishia chini kidogo ya kiwiko. Vidole vitano vya kulia vinaanza kazi.

Kidole gumba na cha shahada vinavuta fungu moja, vidole viwili vya mwisho vinabana la pili, na la tatu linazungushwa kwenye kigutu na kurudi. Mwandishi wa habari hizi aliinama karibu kabisa, akakodoa macho, na bado hakuona lilivyopita. Msuko unateremka tu, mwembamba, umenyooka.

“Wacha kutafuta, utachoka,” anacheka Mackline. “Mimi siku ya kwanza naona mkono moja, nasema basi, leo kichwa yangu imeharibika. Sasa tunapigania yeye hapa!”

Georgette, mwenye umri wa miaka 38, ni mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Mwaka 2004 risasi ilimpasua mkono wakati familia yake ikikimbia kijiji, na madaktari wakalazimika kuukata. Miaka minne baadaye, yeye na mumewe, Appolinaire, walifika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na kujenga katika kijiji cha Misiera.

Kwa ulemavu wake, shirika moja lilimwingiza kwenye msaada wa ziada: sabuni, mafuta ya kula, dawa za maumivu, na mtu wa kumchotea maji na kumbebea kuni.

“Balinisaidia mingi,” anasema. “Lakini kukaa tu kwa kiti, watu bakuangalie… ile iliniumiza kuliko mukono.”

Akaanza kujifunza upya kazi aliyoifanya ujanani. Kichwa cha kwanza kilikuwa cha binti yake, Yvette.

“Mutoto alilia, na mimi nililia. Tulianza asubuhi, jioni ikatukuta na misuko ine tu.”

Leo anamaliza kichwa kizima kabla ya chakula cha mchana, kwa shilingi elfu kumi na tano. Husuka Ijumaa na Jumamosi tu, akilala kwa muumini mwenzake wa kanisani mjini. Akiongeza siku ya tatu, kigutu huvimba hata asiweze kukigusisha nguo.

Kwa miezi mingi aliifanya kazi hiyo kwa siri. Majirani walikuwa wamemwonya: “Bakikuona unafanya kazi kule Mbarara, batakutosha ku liste,” yaani wangemwondoa kwenye orodha ya msaada. Basi kila alipopanda gari alisema anakwenda kumwona mgonjwa.

Kisha, mwaka jana, ikafika siku ya kuhakiki wanaopata msaada. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yake. Mfanyakazi wa shirika akamuuliza kama ana kazi. Appolinaire, aliyesimama kando, alimkanyaga mguu ili akatae.

“Nilisema ndiyo,” anakumbuka Georgette. “Siku mbili kwa juma, nasuka. Nikamuambia, lakini mukono haikuota sababu ya ile kazi.”

Mfanyakazi yule alisema suala lake litaangaliwa.

Wiki tatu walisubiri. Nyumbani hawakusemezana. “Nilimukasirikia sana,” anakiri Appolinaire, mkulima wa mahindi na maharage. “Nilisema ametuuza.”

Jibu lilipokuja lilikuwa na pande mbili. Sabuni, mafuta na dawa vingeendelea, kwa kuwa ulemavu na maumivu vilikuwa palepale. Msaidizi wa maji na kuni aliondolewa.

Asubuhi iliyofuata Appolinaire alichukua madumu, akaenda bombani, akasimama katikati ya wanawake.

“Banacheka, bacheke,” anasema. “Mimi ningeogopa kusema ile kweli, hata na mikono yangu yote mbili.”

Wengine wawili wenye ulemavu waliokuwa wakifanya vibarua kwa kificho wamekwisha kujieleza wenyewe ofisini. Georgette anapoelezwa kwamba ndiye aliyewafungulia njia, anatikisa kichwa na kuendelea kusuka.

Sasa anataka kupunguza safari. Amepata chumba cha kupanga cha kusukia huko Misiera, kati ya maduka, na Yvette, aliyelia kwa misuko minne, ndiye atakayemsaidia kuosha nywele. Kimebaki kitu kimoja anachokitafuta Mbarara kila Jumamosi jioni kabla ya kurudi: kioo kirefu cha ukutani.

“Mutu akiingia, aangalie mukono wangu, hakuna shida,” anasema, akimwinua Mackline kidevu atazame mbele. “Lakini akitoka, nataka ajiangalie yeye.”