Dada Zake Lazaro

Jenereta ya hapa matangani inanuka dizeli, na harufu hiyo inanirudisha Masafu, utotoni, mbele ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani mwa kanisa. Gari la sinema, lenye jenereta kama hii, lilikuwa limetuletea habari ya Lazaro. Upepo ukivuma, shuka lilitikisika na nyuso za watu wa sinema zikakunjamana. Nilikuwa mkekani, mapajani mwa bibi yangu.

Lazaro alipokufa, dada zake walilia taratibu, kwa adabu. Bibi akanibana mkono.

"Angalia hao. Ndugu yao amekufa, na kitambaa ya kichwa imekaa tu sawa! Hao ndio walimpa sumu."

"Nyamaza, mama. Atafufuka," mama yangu akamnong'oneza.

"Afufuke basi. Atasema mwenyewe nani alimuua."

Maneno hayo yakapita mkeka kwa mkeka. Kwetu mfiwa hujitupa chini na kupiga yowe mpaka sauti ikauke. Asiyefanya hivyo huulizwa alimpikia nini marehemu. Kwa hiyo Lazaro alipotoka kaburini, uwanja mzima ulinyamaza kumsubiri. Akawatazama dada zake. Akatabasamu. Picha ikaisha.

Mpaka leo siiamini sinema ile. Kuna kitu walikikata.

Sasa jeneza la kaka yangu liko hapa, chini ya turubai. Shangazi zangu wamekaa mkabala nami. Hawaliangalii jeneza, wananiangalia mimi. Nimekivuta kitambaa changu kikakaa upande, halafu nikapiga yowe.