Kidole cha Fomu ya Saruji

Juzi, kwenye ofisi ya zone, ofisi ya serikali ya eneo, hapa Kamina, mama mmoja wa kijiji cha wenye ukoma alifuata saruji ya msaada. Kisima wamekwisha kukichimba wenyewe. Bila saruji, mvua itakibomoa. Karani akamsogezea fomu na wino.

“Mama, weka kidole.”

Mama akafungua kitambaa alichojifunika mikononi, akaonyesha mikono isiyo na vidole. “Kipi, sitwayeni?” akamuuliza, akimwita “raia” kwa heshima ya huku.

“Bila kidole, hakuna saruji. Njo sheria.”

“Na mikono hii njo ilichimba kisima.”

Akachovya kiganja, akakikandamiza juu ya fomu nzima. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tukacheka. Karani akainua muhuri, akakosa pa kuugonga, akaugonga ukingoni.

Saruji ilitoka. Aliyetunga fomu hiyo ya kusaidia wenye ukoma bila shaka ana vidole vyote kumi. Kisima hajachimba hata kimoja.